Mabinti wa Baba Mgonjwa

Jioni moja, baada ya mafundisho juu ya Amri ya Nne, kijana mmoja alibaki amekaa wenzake walipokwisha kutoka. Alingoja mpaka tulipomaliza kufuta ubao, ndipo akauliza: «Mwalimu, amri hii inamfunga hata mtu ambaye baba yake humrushia mawe?»

Kwa ruhusa yake tunaeleza habari zake kwa maneno machache, bila kumtaja. Baba yake alikuwa fundi stadi, mtu wa kuitwa kila mashine ilipokwama. Yapata miaka sita sasa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mchana hulala, usiku huzunguka kiwanja akipambana na maadui ambao hakuna mwingine anayewaona. Amepelekwa kwa waganga, amepelekwa kwenye chumba cha maombi, lakini kwa daktari hajafika hata mara moja, kwa kuwa mwenyewe hukataa na kusema wanaoumwa ni wanawe. Kijana ana miaka 24, naye ndiye mkubwa. Mchumba wake amemwacha, maana familia ya msichana haitaki «damu ya wazimu».

Hatukumjibu jioni ile. Tulimwomba arudi Jumapili, tukaenda nyumbani kufungua vitabu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiyekuwa na jibu asibuni. Atafute jambo lililokwisha kutokea, aandike tarehe zake ubaoni, kisha alitazame pamoja na wanafunzi wake. Ndivyo tutakavyofanya hapa.

Picha ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu mnaifahamu nyote: mtawa kijana, mikononi msalaba na mawaridi. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misioni. Mawaridi yanajulikana. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba, alipokuwa na miaka 16, baba yake alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux mwaka 1823, akawa fundi wa saa katika mji wa Alençon. Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin, mfumaji wa lesi. Walizaa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki mabinti watano. Zélie alikufa kwa saratani ya titi mwaka 1877, Tereza akiwa na miaka minne. Mjane huyo akahamia Lisieux ili wanawe wawe karibu na mjomba wao, Isidore Guérin, mwenye duka la dawa. Pauline na Marie, mabinti wakubwa, waliingia Karmeli ya mji huo mmoja baada ya mwingine. Tereza akawafuata tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha kubisha hodi. Mei 1887 Louis alipooza upande mmoja, akapona. Juni 1888, miezi miwili na nusu baada ya Tereza kuingia utawani, alitoweka nyumbani bila kuaga. Walimtafuta siku nne, akapatikana katika mji wa bandari wa Le Havre. Kisha, Februari 1889, alianza kuona vita. Alisikia ngoma na mizinga, akashika bastola yake awalinde mabinti waliobaki nyumbani. Mjomba aliitwa, bastola ikaondolewa mikononi mwake, na tarehe 12 Februari akapelekwa mji wa Caen, katika hospitali ya Bon Sauveur iliyoendeshwa na watawa, mahali palipokuwa na mamia ya wagonjwa wa akili. Alikaa humo miaka mitatu na miezi mitatu. Waliochunguza dalili zake baadaye wametaja kukakamaa kwa mishipa ya damu ya ubongo. Wakati ule haukuwa na dawa ya ugonjwa huo.

Tusimame kidogo kwenye bastola. Baba huyu hakuwachukia mabinti zake. Aliwapenda kupita kiasi, na ndiyo sababu aliishika. Mtu aonaye kwa macho ya ugonjwa kwamba nyumba imezingirwa, atafanya nini? Atalinda. Hatari ilikuwa ya kweli ingawa maadui hawakuwa wa kweli, na mjomba hakukosa heshima alipomnyang'anya silaha.

Sasa sikilizeni mji wa Lisieux ulivyosema. Kwetu Kindu, mtu akirukwa na akili, swali la kwanza la majirani si anaumwa nini. Ni nani amemfanya hivi. Mwanamke wa pili, ndugu wa kambo, mtoto aliyefaulu haraka mno: kila mmoja hupimwa. Tungedhani Wafaransa wa karne ya 19, wenye reli na magazeti, walikuwa na swali lingine. Hapana. Walinong'ona kwamba Bwana Martin ameharibiwa na mabinti zake kwa kumwacha na kukimbilia utawani, hasa yule mdogo aliyekuwa kipenzi chake. Maneno hayo yalivuka ukuta wa Karmeli, yakamfikia msichana wa miaka 16 ambaye hakuweza kutoka hata kwenda kumwona. Tangu siku alipovikwa vazi la utawa, Januari 1889, mwezi mmoja tu kabla ya safari ya Caen, alikuwa ameongeza jina jingine kwa lake: Tereza wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu. Uso ule wa Kristo uliotemewa mate na kufichwa alikuja kuusoma pamoja na uso wa baba yake. Hatusemi kwamba ibada iliondoa maumivu. Ilimpa mahali pa kuyaweka.

Mabinti wawili waliobaki nje, Léonie mwenye miaka 25 na Céline mwenye miaka 19, walikwenda Caen wakapanga chumba karibu na hospitali. Waliruhusiwa kumwona baba mara moja kwa juma, lakini kila siku walikwenda mlangoni kuuliza habari zake. Walifanya hivyo miezi mitatu, Februari hadi Mei. Kisha wakarudi Lisieux, kwa mjomba. Vijana husoma mstari huu haraka na kuupita. Sisi tunauona mzito kuliko mingi. Walirudi. Baba alikuwa bado mgonjwa, na kukaa kwao mlangoni hakukuwa kunamponya.

Juni mwaka huohuo jambo chungu zaidi likafuata. Familia ilihofu kwamba baba, katika hali yake, angeweza kupoteza mali yote, basi akaletewa hati ya kuachia usimamizi wake. Kwa bahati mbaya siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia. Alielewa kila neno, akatia sahihi, akalia, akiona kwamba wanawe hawamwamini tena. Yeyote kati yenu aliyewahi kuficha panga la nyumbani, au kumnyima mama yake pesa za soko kwa sababu angezigawa njiani, anaijua sura ile. Walifanya lililopasa kufanywa, nalo likawaumiza pande zote mbili.

Louis alirudishwa nyumbani Mei 1892, miguu ikiwa imepooza, hana tena nguvu za kutoroka wala kudhuru. Hapo ndipo Céline alipomwuguza, akisaidiwa na watumishi na familia ya mjomba, mpaka alipokufa tarehe 29 Julai 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015, wakati wa Sinodi juu ya familia, Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Ni vema tulitamke wazi: juu ya altare zetu yuko mgonjwa wa akili.

Lakini swali la mawe lilikuwa bado mezani. Louis alishika bastola, hakumpiga mtu. Je, mzazi anayepiga?

Kwa hilo Kanisa lina binti mwingine, wa zamani sana, ambaye habari zake ni masimulizi zaidi kuliko kumbukumbu. Ziliandikwa katika karne ya 13 na kanoni mmoja wa Cambrai, kutoka vinywa vya watu, juu ya mambo yanayosemekana kutokea karne ya 7. Dimfna alikuwa binti wa mfalme wa Irlandi. Mama alipokufa, baba alipotewa na akili kwa huzuni, akamtaka binti yake awe mke, kwa kuwa alifanana na marehemu. Binti alikimbia pamoja na padri Gereberno, wakavuka bahari, wakafika Geel, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Baba aliwafuata, akawaua wote wawili. Hata kama mwanahistoria atapunguza nusu ya simulizi hilo, jambo moja linabaki: binti aliyemkimbia baba yake aliyechafuka akili anaheshimiwa kama mtakatifu, na kukimbia kwake hakukuhesabiwa kuvunja Amri ya Nne. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba hata akili za baba zikidhoofika. Hamwagizi ajiweke chini ya panga lake.

Waliomkumbuka Dimfna walifanya jambo la ajabu kuliko simulizi lenyewe. Mahujaji walileta Geel ndugu zao wenye ugonjwa wa akili kuwaombea. Nyumba ya wagonjwa kando ya kanisa ikajaa, na wenyeji wakaanza kuwapokea wageni hao majumbani mwao. Mgonjwa alikula mezani na familia, akachunga ng'ombe, akabeba mtoto. Desturi hiyo imeendelea tangu Zama za Kati mpaka leo; kabla ya Vita Kuu ya Pili wageni wa namna hiyo walikaribia 4,000 katika mji huo mmoja. Ugonjwa ambao kwingine ulimlemea mtoto mmoja, Geel uligawanywa kwa mji mzima.

Kwingine wagonjwa walifungwa. Mjini Ghent, si mbali sana na Geel, wazimu walikaa na minyororo chini ya ngome ya kale. Padri Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha Ndugu wa Upendo mwaka 1807, alikabidhiwa wagonjwa hao mwaka 1815, minyororo ikaanza kufunguliwa. Daktari Joseph Guislain aliungana nao baadaye. Shirika hilo lilifika Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, na leo huduma zake za afya ya akili ziko Lubumbashi, Goma na Bukavu, pamoja na Ndera karibu na Kigali. Ndera mwaka 1994 wauaji waliingia hospitalini humo na kuua wagonjwa na wakimbizi waliojificha kati yao. Mwaka huohuo, Bukavu ikiwa imejaa watu waliovuka mpaka na waliyoyaona, kituo cha SOSAME kilianza kazi.

Kwa nini huduma hizi zilichelewa katika sehemu zetu? Serikali za kikoloni ziliwaona wazimu kama suala la usalama wa barabarani. Nairobi ilipata nyumba ya wazimu mwaka 1910, mahali pa Mathari palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Dodoma ilipata Mirembe mwaka 1927. Mathari iliongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili, naye mwaka 1953 aliandika kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani akidai kwamba Mwafrika haelekei kupatwa na huzuni ya kiugonjwa na kwamba ubongo wake hautumiki wote. Mtu akiamini hivyo, atajenga hospitali ya nini? Humohumo Mathari alifungwa Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, kati ya 1945 na 1947, ambaye ugomvi wake na watawala ulikuwa juu ya ardhi na ibada. Hofu ya wazee wetu kwa nyumba hizo haikuwa ujinga mtupu.

Mwaka mmoja baada ya kitabu cha Carothers, Mnigeria mmoja alimjibu kwa vitendo. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, alifungua huduma yake huko Aro, Abeokuta, mwaka 1954: wagonjwa walipanga katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumhudumia, wakienda hospitali kwa matibabu na kurudi jioni. Tunaipenda habari hii. Ndugu hakuachwa peke yake na mgonjwa, wala mgonjwa hakunyang'anywa ndugu.

Dawa nazo zilikuwa zimeanza kupatikana: klorpromazini ilianza kutumiwa na madaktari wa Paris mwaka 1952, na haloperidoli ilipatikana mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen huko Beerse, mwendo mfupi tu kutoka Geel ya Dimfna. Hizo ni dawa za zamani, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Haziondoi kila kitu, wengine huwaletea kutetemeka na uzito wa mwili, lakini mtu aliyekuwa akisikia sauti usiku kucha anaweza kulala. Na kuhusu «damu ya wazimu»: mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana skizofrenia, ugonjwa huu wa kusikia sauti, hatari yake ni takribani 10 kwa 100, dhidi ya 1 kwa 100 kwa watu wote. Hatari hiyo ni kubwa zaidi, hatuifichi. Lakini watoto tisa katika kumi hawaupati.

Sasa tuseme la kwetu, maana si haki kuwafundisha vijana kwa machozi ya Wafaransa peke yake. Mama yetu alikuwa msichana hapa Kindu mwaka 1964, Simba walipoutawala mji, na yale aliyoyaona ukingoni mwa Lualaba hakupata kutusimulia. Katika vita vilivyoanza 1998 alifiwa na mumewe. Akaacha kupika, akaacha kusema, kisha akaanza kusema na wafu tu. Sisi wanawe tulikuwa watu wazima, wenye wake na kazi. Mmoja wetu alikuwa akifundisha katekisimu. Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha siku arobaini, kifundo cha mguu kikiwa kimefungwa kwenye kitanda, na gharama tulilipa sisi. Bukavu ilikuwa upande wa pili wa msitu na wa vita. Lakini hata vita vilipopungua na ndege zikaruka, hatukuuliza. Alipokuwa akipita sokoni amejifunga magunia, tulikuwa tukigeuza baiskeli na kuingia barabara nyingine. Tuliona aibu, tukaiita aibu hiyo imani. Mama amelala Alunguli, ng'ambo ya mto. Hakuwahi kuonana na daktari.

Jumapili kijana alirudi. Tulimsimulia yote, tarehe zikiwa ubaoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akakiinua tulipofika kwenye bastola.

«Nani aliichukua?»

«Mjomba wao, mwanetu.»

Alinyamaza kitambo. «Mimi sina mjomba,» akasema.

Alhamisi iliyofuata wawili wa kikundi cha vijana walikwenda naye nyumbani, nasi tukiwa wa nne. Baba aliwapa wageni viti, akawaonyesha pampu aliyokuwa ameifungua, akaeleza vizuri kabisa kasoro yake. Baada ya robo saa akatufukuza sote kwa kelele. Kijana alilala usiku ule kwa mmoja wa wale wawili. Alhamisi ya pili hatukupewa viti. Alhamisi ya tatu tulikwenda na muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mtu mzima, aliyebeba pampu ya jirani iliyokwama na kuomba itazamwe. Baba aliipokea. Alipokuwa akiifungua, muuguzi alimwuliza kama analala vizuri, naye akajibu, bila kuinua macho, kwamba hajalala tangu masika.